Ulimi wa Mkulima: Hotuba Kuhusu Kahawa ya Milimani kwa Wanaushirika wa Mtwara

(Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya wakulima, viongozi wa vyama vya msingi na wanafunzi wa kilimo. Imeandikwa na msemaji mwenyewe.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu viongozi na wanachama wa vyama vya msingi mliotoka Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, wenzetu mliokuja kutoka Lindi, wazee wangu, mama zangu, na vijana wa chuo mliokaa kule nyuma: ninawashukuru kwa kunialika, na ninawashukuru zaidi kwa subira yenu, kwa sababu najua wengi mlipoliona neno kahawa kwenye barua ya mwaliko mlijiuliza mkulima wa korosho ana haja gani na zao lisiloota kwake.

Mimi ni mtoto wa Mikindani. Kahawa niliijua kama kinywaji miaka mingi kabla sijauona mbuni, yaani mti wa kahawa. Baada ya sala ya alasiri muuza kahawa alipita barazani kwetu na birika lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, vikombe vidogo vikigonganishwa mkononi kwa mlio ambao hata leo nikiusikia mtaani najua umefika wakati wa mazungumzo ya wazee. Babu yangu alikunywa vikombe vitatu kwa kashata moja, na sikumsikia hata siku moja akiuliza kahawa ile imelimwa wapi na nani. Kisha nikamaliza chuo, nikapangiwa kazi ya ubwana shamba wilayani Mbinga, nikasafiri kwa lori kupitia Masasi na Tunduru kwenye barabara ya vumbi ya enzi hizo. Nilipofika nikawakuta watu wanaoujua mbuni kuanzia mzizi hadi ua, wanaoweza kukuambia kwa kutazama jani tu kwamba shamba limekosa mbolea, lakini nyumba baada ya nyumba hapakuwa na mtu aliyewahi kunywa kikombe cha kahawa ya shamba lake. Walikunywa chai. Sisi pwani tulikuwa tunainywa kahawa bila kuilima, na wao walikuwa wanailima bila kuinywa.

Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema leo, na mengine yote nitakayoyaeleza yanazunguka hapo: mkulima asiyejua ladha ya mali yake amemwachia mwingine ulimi wa kumsemea, na huyo anayemsemea ndiye anayepanga bei.

Nianze na mlima wenyewe. Kahawa inayotafutwa zaidi duniani ni arabika. Asili yake ni misitu ya milima ya Ethiopia, na tabia ya kwao haijaiacha: inataka hewa ya nyuzi 15 hadi 24, mvua ya kutosha, na kipindi cha ukame cha kuandaa maua. Katika mashamba ya Mbinga yaliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 au 1,600 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Julai ni wa kuvaa sweta na kukaa jikoni karibu na moto. Ubaridi huo huchelewesha tunda kuiva. Tangu ua lianguke hadi tunda liwe jekundu hupita miezi minane au tisa, na katika kuchelewa huko mbegu hujaa, hukaza, na hukusanya sukari na tindikali ambazo baadaye hugeuka kuwa harufu na ladha kikombeni. Mbuni huohuo ukiupanda hapa Mtwara mjini, joto litaliivisha tunda kabla mbegu haijajaa, punje itakuwa nyepesi, na ugonjwa wa kutu ya majani utaumaliza mti.

Mniruhusu nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu jambo hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Kahawa si mgeni katika ardhi yetu. Wataalamu wa mimea wameorodhesha aina zaidi ya 120 za kahawa duniani, na baadhi yake ni za msituni katika pwani hii ya kusini. Coffea zanguebariae, iliyopewa jina na Mreno Loureiro mwaka 1790, huota porini kuanzia upande wetu hadi Msumbiji, na ng'ambo ya Ruvuma, kisiwani Ibo, wenyeji wameilima na kuinywa kwa vizazi. Aina nyingine, Coffea schliebenii, imebeba jina la Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea Lindi katika miaka ya 1930. Kwa hiyo huenda kuna mzee humu ndani aliyewahi kukata kuni msituni chini ya mbuni bila kujua.

Turudi Mbinga. Wamatengo ni mafundi wa miteremko. Kwa zaidi ya miaka mia moja wamelima mlimani kwa mashimo wanayoyaita ngoro: hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayopishana kama miraba ya mkeka, huzifukia kwa udongo unaochimbwa katikati, na shimo linalobaki hunasa maji ya mvua na udongo usishuke bondeni. Kwenye ngoro hulimwa mahindi na maharage. Kahawa, iliyoingia kule katika miaka ya 1920, hupandwa karibu na nyumba, mara nyingi pamoja na migomba, katika vishamba vya ekari moja, mbili au tatu. Msifikirie mashamba makubwa yenye matrekta. Takribani asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hutoka kwa wakulima wadogo wa namna hiyo, wa Mbinga, Mbozi, Kilimanjaro, Kagera, Kigoma na kwingineko, kama ambavyo korosho zetu hutoka kwenye mashamba ya familia.

Msimu huanza Juni, na kazi ya kwanza ya ubora ni ya vidole. Mbuni hauivishi matunda yake siku moja. Tawi moja lina mabichi, yaliyoanza unjano, mekundu, na yaliyopitiliza hadi kuwa meusi, yote pamoja. Mkulima makini huurudia mti uleule mara nne, tano au zaidi kwa msimu mmoja, na kila mara huchuma kahawa mbivu tu. Mwenye haraka hufumbata tawi zima na kulikamua kwa kiganja, kijani na chekundu vikaanguka pamoja ndani ya kikapu, na jioni debe lake limejaa kabla ya debe la jirani. Tofauti haionekani kwenye mizani. Inaonekana mdomoni, kwa sababu tunda bichi huacha ukakasi, ule ukakasi mnaoupata mkiuma bibo ambalo halijaiva, unaokunja ulimi na kukaa kwenye fizi. Mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa ukakasi.

Hesabu yake pia ni nzito. Kilo sita hivi za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi, yaani ile iliyokobolewa na kuwa tayari kusafirishwa. Kwa hiyo kila kilo inayofika bandarini imepita kwenye vidole vya mtu mara sita ya uzito wake, na nikisema vidole vya mtu, nasema kwa sehemu kubwa vidole vya kina mama na mabinti. Wao ndio wanaokaa jioni kwenye jamvi wakichambua kahawa mbivu iliyoletwa, wakitoa mbichi moja moja, wakati akaunti ya chama ina jina la baba wa nyumba. Hilo liliniuma nilipokuwa kule na linaniuma hadi leo. Nililisema katika mikutano ya vijiji, na ninalisema hapa kwa sababu najua nani hukaa juani kuchambua korosho.

Kahawa mbivu haitakiwi kulala. Ikichumwa asubuhi, jioni iwe kwenye mashine, iwe ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono nyumbani, au kwenye kituo cha kuchakata cha kikundi, ambacho wakulima wa Mbinga wanakiita kwa herufi tatu tu, CPU. Kwanza humwagwa kwenye maji, na mapepe, yaani matunda yaliyoliwa na wadudu au yasiyojaa, huelea yakaondolewa. Mashine humenya ganda jekundu la nje. Inayobaki ni mbegu mbili zilizovikwa ganda jembamba gumu, na juu ya ganda hilo kuna ute wa sukari unaoteleza. Ute huo hautoki kwa maji peke yake. Unaachwa tangini uchachuke, na katika baridi ya milimani kuchachuka huko kunaweza kuchukua siku nzima na zaidi, kutegemea hali ya hewa ya siku hiyo. Hapa ndipo kahawa nzuri inapopatikana au kupotea, na hapa hakuna saa ya ukutani inayoweza kukusaidia.

Mzee mmoja alinifundisha. Ilikuwa alfajiri, ukungu umefunika bonde lote, taa ya chemli imening'inizwa juu ya tangi. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha hadi kwenye kiwiko, akafumbata konzi ya kahawa na kuisugua. "Sikiliza, bwana shamba," akaniambia, "usitazame." Sikusikia kitu. Punje ziliteleza kimya kama mlenda. Tukaenda kunywa uji, tukarudi jua lilipopanda. Akazamisha tena mkono, akasugua, na safari hii zilikwaruzana kama changarawe chini ya kandambili. Akachomeka kijiti katikati ya rundo, akakichomoa taratibu, na tundu likabaki wazi bila kujifukia. "Sasa," akasema, na vijana wakafungulia maji. Nimesoma vitabu vingi vya kuchakata kahawa tangu siku hiyo, na hakuna kilichonifundisha zaidi ya mkono ule.

Naomba pia niwaeleze kosa langu, kwa sababu bila hilo mtadhani nazungumza kama mtu aliyefuzu bila kuumia. Katika msimu wangu wa pili nilisimamia kituo cha kikundi kimoja. Siku ya Jumamosi mafuta ya pampu ya maji yaliisha, nikaenda mjini kuyatafuta, mvua ikanikamata, nikalala huko siku mbili. Wasaidizi wangu walisubiri amri yangu, na kahawa ikabaki tangini hadi Jumatatu. Niliporudi nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni: siki, na chini ya siki kitu kama kitunguu kilichooza. Badala ya kuitenga, niliamuru ioshwe na kuchanganywa na kahawa ya siku nyingine, nikitumaini kwamba itapotea katika wingi. Haikupotea. Iliifuata kahawa nzuri na kuiangusha yote. Kikombe kimoja cha mwonjaji hutokana na punje sitini hivi, na punje moja iliyooza inatosha kukinusisha kikombe kizima. Kaya zote zilizoleta kahawa wiki ile zililipwa bei ya daraja la chini. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengi walinisamehe kwa maneno mazuri. Mzee mmoja hakusema neno, akanionyesha tu daftari la mwanawe lililokuwa na orodha ya mahitaji ya shule.

Kahawa iliyochachuka sawasawa huoshwa kwa maji safi hadi ganda liwe jeupe, kisha hupelekwa kwenye vichanja, yaani meza za waya zilizoinuliwa juu ya ardhi ili hewa ipite juu na chini. Siku za kwanza hutandazwa nyembamba na kukingwa dhidi ya jua kali, kwa sababu ganda likikauka ghafla hupasuka na punje hubaki uchi. Mchana hufunikwa, jioni hufunikwa, na katikati ya hapo kuna mikono inayogeuza na kuokota zilizovunjika, zenye madoa, zilizobaki na ganda jekundu. Hukaa hapo wiki mbili hivi. Kahawa huingia kichanjani zaidi ya nusu ya uzito wake ikiwa maji, na inatakiwa kushuka ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kipimo cha mashine kipo, lakini wazee huuma: ikikauka vizuri, jino huacha alama ndogo tu. Maji machafu ya kuoshea nayo yana tindikali na hayafai kuachiwa mtoni. Kituo kisicho na shimo la kuyapokea, kwa maoni yangu, hakistahili kuitwa cha ubora hata kama kahawa yake ni tamu kiasi gani, kwa sababu kuna mtu anateka maji chini ya mteremko. Ziko njia nyingine pia, kama kuikausha kahawa na tunda lake zima bila kuiosha, lakini leo sitazichambua.

Sasa, ni nini hasa kinachoifanya kahawa moja iitwe maalumu na nyingine iitwe kahawa tu? Jina hilo la kahawa maalumu lilianza kuenea mwaka 1974, lilipotumiwa na Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa wa Marekani, kwa maana rahisi kwamba kila mahali penye hali yake ya hewa hutoa ladha yake ya pekee, na ladha hiyo inastahili kulipwa. Baadaye wenye biashara waliweka kipimo. Huchukuliwa gramu 350 za kahawa safi, zikahesabiwa kasoro zake punje kwa punje, kisha kahawa ikaonjwa na kupewa alama. Ikifika 80 kati ya 100, imeingia. Ikifika 85 au 88, wanunuzi huanza kuulizana inatoka kijiji gani.

Kuonja kwenyewe ni kazi ya utulivu. Kahawa hukaangwa kidogo, isifike weusi wa kahawa yetu ya barazani, kwa sababu moto mkali huficha kasoro na hufuta uzuri kwa pamoja. Husagwa, na kwa kila sampuli hupangwa vikombe vitano, kila kimoja na gramu 8 na robo kwa mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Hakichujwi. Unga hupanda juu ukafanya utando. Baada ya dakika nne mwonjaji huinama, pua karibu iguse kikombe, akaupasua utando kwa mgongo wa kijiko na kuvuta pumzi. Kisha hungoja kahawa ipoe kidogo, huchota kijiko na kukifyonza kwa mlio mkubwa ili kinywaji kitawanyike ulimini kote kwa mara moja. Sisi tumelelewa kwamba kunywa kwa sauti mbele za watu ni kukosa adabu. Mezani pale mlio ndio ufundi. Huvirudia vikombe vikiwa vya moto, vikiwa vuguvugu, na vikiwa vimepoa kabisa, kwa sababu kahawa mbaya hujitaja ikipoa, na nzuri huzidi utamu.

Miaka kadhaa baada ya kosa langu nilifanikiwa kupata kijikaango kidogo na vikombe, nikawaita wanachama wa kikundi kimoja wakae mezani kuonja kahawa zao wenyewe. Nilipanga sampuli tatu bila majina. Mama mmoja wa makamo, ambaye shamba lake lilikuwa juu kabisa ya kijiji, alifyonza kijiko cha kwanza, akafumba macho, akakaa kimya kwa muda mrefu hadi nikahisi haipendi. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ni masuku. Masuku yaliyoiva sana, yale yanayoanguka yenyewe." Akaenda kikombe cha pili, akakirudisha haraka. "Hii imekaa kwenye gunia. Nasikia gunia." Cha tatu, akasema, kilikuwa cha mtu mwenye haraka, kwa sababu kinakwaruza koo. Mimi nilikuwa na fomu yangu ya alama, yenye maneno ya matunda ya Ulaya ambayo sijawahi kuyaona mtini, na kwa kila kikombe mama yule alikuwa amesema kilekile nilichokiandika, kwa maneno bora kuliko yangu. Tangu siku hiyo siwezi kukubali mtu akisema Kiswahili hakina msamiati wa kuonjea. Tuna uchachu wa limau na uchachu wa siki, na kila mtoto wa kwetu anajua kwamba si kitu kimoja. Tuna ukwaju, ubuyu, zambarau, sukari guru, ukakasi, uchungu, ukali, ladha nzito na ladha ya majimaji. Tulichokosa ni meza na vikombe.

Kile kikombe cha masuku kilikuwa chake. Nilipomwambia, hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliuliza, "Basi kwa nini miaka yote niliambiwa kahawa ni kahawa, na nikalipwa sawa na huyu wa gunia?"

Jibu la swali lake ni refu, na sehemu kubwa ya jibu hilo iko juu ya uwezo wa kijiji. Hadi mwaka 1989 kulikuwa na makubaliano ya kimataifa yaliyopanga kiasi ambacho kila nchi ingeuza, na yalipovunjika bei ilianguka. Msimu wa 1994/95 biashara ya kahawa nchini ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Fedha taslimu zilifika vijijini haraka, na hilo wakulima walilipenda kwa haki, lakini mnunuzi mwenye mizani na haraka alinunua kila kilichoanikwa kwa bei moja, na mkulima aliyechuma mara tano akaona hana faida juu ya yule aliyekamua matawi. Mwaka 2001 bei ya kahawa katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na mlimani Kilimanjaro wako walioing'oa mibuni wakapanda ndizi na mboga. Yote hayo hayakusababishwa na ulimi wa mkulima, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba ukichuma vizuri soko la dunia litakuheshimu. Kahawa maalumu ni sehemu ndogo ya soko, inadai kazi nyingi, na msimu mwingine hailipi kazi hiyo.

Lakini iko sehemu ya jibu iliyo ndani ya kijiji, na hapo naomba mnisikilize vizuri, wana wa Mtwara na Lindi, maana ninyi mna neno kangomba. Kule Kagera wana butura, na Mbinga wana magoma. Majina ni tofauti, maumivu ni yaleyale: mtu mwenye dhiki ya ada au ya ugonjwa anauza kahawa ikiwa bado ua, kwa bei ya dhiki, kwa mtu ambaye hatachuma hata tunda moja. Siku ya mavuno kahawa si yake tena. Kwa nini arudi mtini mara tano? Anakamua, anajaza debe la watu, deni linaisha. Nimeona mashamba yenye mwinuko mzuri na mibuni mizuri yakitoa kahawa ya ukakasi mwaka baada ya mwaka, na chanzo hakikuwa ujinga wa mkulima. Kikundi kilichoanzisha mfuko wake wa mikopo midogo ya miezi ya njaa kilipata ubora kabla ya kikundi kilichonunua mashine mpya, na hilo ndilo somo la kitaalamu ambalo chuoni hakuna aliyenifundisha.

Kuna pia suala la jina. Japani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu, na kwa kanuni za biashara za kule arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, huruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Jina hilo limetujengea soko, sina ubishi. Ila maana yake ni kwamba mama yule wa masuku, anayekaa karibu na Ziwa Nyasa kuliko anavyokaa karibu na Moshi, kahawa yake hunywewa Tokyo kama kahawa ya mlima ambao hajawahi kuuona. Wenzetu wa Rwanda walilishughulikia jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vyao vya kuosha kahawa vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Wakavijenga kwa mamia, wakawafundisha vijana wa vijijini kuonja, na mwaka 2008 wakawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, ambalo kahawa huonjwa bila jina na kisha kuuzwa kwa jina la mkulima au kituo chake.

Na sisi je? Korosho haionjwi kwa kijiko, lakini inakatwa. Mnajua wote kinachofanyika ghalani: sampuli huchukuliwa, korosho hukatwa katikati, kiini hutazamwa na kupimwa, na kutoka hapo hutajwa ubora wa mzigo mzima. Kisu hicho kiko mkononi mwa nani? Ni wanachama wangapi humu wamewahi kukata korosho zao mia moja nyumbani, wakatenga zilizojaa, zilizosinyaa na zilizooza, wakapima unyevu wake, wakajua kabla gunia halijafungwa kwamba hii ni ya daraja la kwanza na kwa nini? Ninapendekeza kwa heshima kwamba kila chama cha msingi kiwe na kisu hicho, mizani ndogo, kipimo cha unyevu, na vijana wawili waliofundishwa kuvitumia, na kwamba mmoja kati ya hao wawili awe binti. Haitabadilisha bei ya Vietnam wala ya India. Itabadilisha mazungumzo ya ghalani, kwa sababu mwanachama atakayeambiwa mzigo wake ni wa daraja la pili atakuwa na karatasi yake mfukoni.

Nimeshasema mengi, na maji kule nyuma yameanza kuchemka. Kwenye meza hii nimepanga kahawa tatu kutoka mlima mmoja, zote za msimu mmoja, nilizozikaanga jana usiku. Moja imechumwa nyekundu tupu na kukauka kwenye kichanja. Moja imechanganywa na mbichi. Moja ililala tangini siku moja zaidi ya inavyostahili, na hiyo sikuifanya kwa makusudi ya hotuba. Nimeiomba kwa kijana mmoja kule aliyekosea kama nilivyokosea mimi, akakubali kunipa bila kuona haya. Hakuna sukari, hakuna tangawizi, na kashata zitatolewa baadaye. Wazee waanze, kisha kina mama, vijana mfuate. Kila mmoja achukue kijiko chake, afyonze kwa sauti bila kuogopa, na aandike neno lake mwenyewe la Kiswahili, au la Kimakonde, au la Kiyao, kwenye kijikaratasi kilicho mbele ya kikombe. Tungoje dakika nne utando upande. Mama wa Newala uliyekaa hapo mbele, wewe uko karibu na kikombe cha kushoto, naomba utupasulie.